Redusa na fitingi za laini ya pampu ya zege: anza na kokoto, malizia kwenye pampu

Wadau wa zege habari zenu. Huu mwongozo nimeuandika kwa fundi, fomeni, au yule mwenye pampu moja ya kuvutwa na lori ambaye kila akipata kazi anaingia stoo, anakusanya mabomba na elbo (kona) na redusa (kipande cha bomba kinachoanza kipana kikaishia chembamba) na klempu (vifungo vya kuunganishia) anapakia kwenye Fuso, halafu akifika saiti ndo anaanza kujaribisha kipi kinaingia kwa kipi huku gari la mixa limeshapaki nje linazunguka. Zege haliwasubiri. Kwa hiyo mpangilio wa laini inabidi umalizike siku moja kabla, na ukimalizika vizuri kazi yenyewe huwa nyepesi sana.

Nitatumia mfano wa saiti za aina ya Kariakoo, maana pale ndo laini inafanya kazi yake halisi: mtaa mwembamba, nyaya za umeme juu, maduka chini, watu hawaishi kupita, gari la bumu haliwezi hata kufungua mkono. Pampu inakaa barabarani, bomba linapita kwenye korido, linapanda kwenye kisima cha lifti au ukutani, linatokea kwenye slabu ya ghorofa ya nne. Wa Nairobi, Kampala au Mombasa mnayo mitaa ya namna hiyo hiyo, hesabu hazibadiliki.

Kitu kikubwa nachotaka mtoke nacho hapa ni kwamba redusa haichaguliwi kwa kuangalia pampu ina mdomo wa inchi ngapi. Inachaguliwa kwa kuanzia mwisho wa laini kurudi nyuma: kokoto gani, mpira gani (yaani hosi ya mwisho ya kumwagia zege), bomba gani, ndo unakuja kuona unahitaji kupunguza kutoka wapi kwenda wapi. Wengi tunafanya kinyume, na laini ikiziba nenda kaangalie, mara nyingi sana utaikuta imezibia kwenye redusa au kwenye kona inayofuata baada yake.

Hatua ya 1: Jua kokoto kabla ya kitu kingine chochote

Kanuni inayotumika dunia nzima: kokoto kubwa kuliko zote isizidi theluthi moja ya kipenyo cha ndani cha sehemu nyembamba kuliko zote kwenye laini yako. Hiyo ni kwa kokoto za kupasua, zenye pembe pembe, kama hizi zinazotoka machimbo ya Lugoba na kwingineko. Kokoto za mviringo za mtoni zinavumilia zaidi kidogo, mpaka sehemu mbili kwa tano, ila kwetu wengi tunatumia za kupasua kwa hiyo shika theluthi.

Sasa weka namba. Kokoto za robo tatu inchi ni kama milimita 20, mara tatu ni 60. Kwa karatasi mpira wa inchi 3 ambao ni milimita 75 unapitisha. Kwa saiti mimi sishauri, maana mzigo wa robo tatu ukiletwa hukosi vipande vya milimita 25 na vingine vyembamba virefu, na vitatu vikikutana mdomoni mwa redusa kwa pamoja vinajipanga daraja, hapo hapo uji wa saruji unapita katikati yao na kokoto zinabaki. Kwa robo tatu tumia bomba la milimita 100 au 125 mpaka mwisho. Kwa nusu inchi, yaani kama milimita 12, inchi 3 inafanya kazi safi. Mpira wa inchi 2 uuachie chipsi za milimita 10 kushuka chini, kazi za kujaza matofali, kujaza nguzo ndogo na groti.

Kwa wale wa pwani mnaotumia kokoto za mawe ya matumbawe, hasa Zanzibar na Mombasa, angalieni jambo jingine: hizo zinanyonya maji, na ndani ya bomba presha inazidi kuyasukuma maji kuingia kwenye jiwe. Zege linatoka kwenye mixa likiwa laini, likifika kwenye redusa limeshakuwa gumu. Zilowesheni kokoto vizuri kabla ya kuchanganya na msipunguze bomba chini ya 100.

Na slampu nayo, yaani kipimo cha ulaini wa zege kwa milimita, usikubali zege la slampu ya 50 liingie kwenye laini ya redusa. Kati ya 100 na 150 ndo mahali pazuri pa kufanyia kazi. Ila ulaini utokane na mchanganyiko uliopangwa, mchanga wa kutosha na dawa ya kulainisha, usitokane na mtu aliyeshika hosi ya maji pale kwenye hopa, lile pipa la pampu linalopokea zege. Maji ya hopani yanatenganisha kokoto na uji, na zege lililotengana redusa hailipitishi hata iwe ndefu vipi.

Hatua ya 2: Chagua ukubwa wa laini kwa uzito na kwa mwendo

Ukishajua kipenyo cha chini kabisa kinachoruhusiwa, usikimbilie kuweka laini yote ya kipenyo hicho. Na usikimbilie kuweka kubwa yote pia. Cheki hizi:

Bomba la milimita 125 linabeba zege lita 12.3 kwa kila mita. La 100 linabeba 7.9, la 75 linabeba 4.4, la 150 linabeba 17.7. Zege lita moja ni kama kilo 2.4, kwa hiyo bomba la 125 la mita 3 likijaa lina zege kilo 88, jumlisha na chuma chenyewe unavuka kilo 120. Hiyo haibebwi na kijana mmoja kwenye slabu yenye nondo. Ndo maana vijana wanaoshika mpira wanalilia inchi 3, na wana haki, lakini jibu lake ni kupunguza pale mwishoni tu, laini nzima ibaki kubwa.

Upande wa mwendo: ukisukuma mita za ujazo 30 kwa saa, kwenye 125 zege linatembea kama sentimita 68 kwa sekunde, kwenye 100 linafika mita 1 na kidogo, kwenye 75 linakaribia mita 1.9 kwa sekunde. Msuguano unapanda pamoja na mwendo, na kuta zinalika haraka. Kwa hiyo ukipunguza hadi 75 lazima na pampu uipunguze, fanya kwenye mita za ujazo 15 kwa saa. Anayetaka inchi 3 na wakati huo huo anataka mixa ishushe kwa dakika kumi anataka vitu viwili visivyokaa pamoja, mwambie mapema kabla ya mkataba.

Na kumbuka zege lilishabanwa tayari kabla halijafika kwenye redusa yako. Silinda za zege kwenye pampu nyingi ni za milimita 180 mpaka 230, halafu linapita kwenye ile valvu ya S inayobana (bomba lililopinda kama herufi S ndani ya pampu), linatokea kwenye mdomo wa 150 au 180. Kutoka silinda ya 200 kwenda bomba la 125 eneo limeshapungua zaidi ya mara mbili na nusu. Ndo maana mita za kwanza baada ya pampu zinahitaji heshima kuliko sehemu nyingine yoyote.

Hatua ya 3: Chora laini na uihesabu

Chukua karatasi, hata nyuma ya delivari noti, chora kutoka pampu mpaka mpira. Halafu geuza kila kitu kiwe mita za bomba lililonyooka. Elbo ya nyuzi 90 ya mzunguko mrefu ihesabu mita 3, ya 45 mita 1 na nusu, ya 30 mita 1. Mpira unahesabika mara tatu ya urefu wake, maana ndani una msuguano mkubwa na unatanuka. Na kila mita ya kwenda juu inaongeza kama baa 0.24 (baa ni kipimo cha presha) ya uzito wa zege lenyewe, nje ya msuguano.

Mfano wetu: mita 25 barabarani na koridoni, kupanda mita 14, mita 20 juu ya slabu, elbo nne za 90, mpira wa mita 6. Mabomba 59, elbo 12, mpira 18, jumla ni kama mita 89 zilizonyooka, na juu yake baa 3.3 za kupanda. Kwa pampu ya kawaida ya treila kwenye laini ya 125 hii ni kazi ndogo. Kazi hiyo hiyo ukiipeleka yote kwa 75 umejitafutia presha ambayo haikuwa na sababu.

Hapo kwenye presha kuna jambo watu wengi hawalijui kabisa. Ile geji ya kwenye pampu mara nyingi inasoma presha ya haidroli, sio ya zege. Kama silinda ya haidroli ni milimita 125 na ya zege ni 200, basi baa 200 kwenye geji ni kama baa 78 kwenye zege. Tafuta ile plate iliyopigwa kwenye pampu uone presha ya juu ya zege ni ngapi, kisha kila bomba, redusa, elbo, klempu na mpira utakaofunga uwe umeandikwa uwezo unaozidi hiyo namba. Kifaa kisichoandikwa kitu usikiweke karibu na pampu. Inatosha hapo.

Hatua ya 4: Redusa yenyewe

Hapa ndo penyewe, tulia kidogo.

Urefu kwanza. Redusa nzuri ni ndefu. Kutoka 125 kwenda 100 kwa urefu wa mita moja, kila upande unajibana milimita 12.5 tu, zege halioni kitu, safu ya uji ukutani haikatiki. Punguza urefu huo uwe sentimita 30 na zege linagongana na ukuta. Mimi kipimo changu ni angalau mita moja kwa kila inchi moja unayopunguza, na kama pampu yako ina mdomo wa 150 au 180 tafuta ya mita moja na nusu au zaidi kwa pale mwanzoni, maana pale presha ndo kubwa. Zile fupi fupi za sentimita 20 zinazotengenezwa kwa kukunja bati na kuchomelea, achana nazo kwa kazi ya zege lenye kokoto, hata ukipewa bure.

Pili, punguza hatua kwa hatua. 150 kwenda 125, tembea na bomba, 125 kwenda 100, tembea, 100 kwenda 75. Usiunganishe redusa mbili mgongo kwa mgongo ukasema umeokoa nafasi, weka angalau bomba moja la mita 3 katikati ili zege litulie. Na usiweke elbo mara tu baada ya redusa, zege likitoka kubanwa linahitaji kunyooka kwanza. Ukilazimika kwa sababu ya nafasi, basi tumia elbo ya mzunguko mrefu, au weka mbili za 45 zenye kipande cha bomba katikati.

Tatu, mahali. Redusa ya kutoka mdomo wa pampu kwenda 125 inakaa pale pale pampuni, haina mjadala. Redusa ya kwenda 100 au 75 iweke mbali kadiri inavyowezekana, mwisho wa laini kabla tu ya mipira, maana kule presha imeshashuka na ikiziba unafungua kitu kidogo. Kwenye mfano wetu nafunga 150 kwenda 125 barabarani, 125 inapanda mpaka slabu, na pale juu mita chache kabla ya mpira nafunga 125 kwenda 100 halafu mpira wa 100. Usiiweke redusa chini ya bomba linalopanda, pale ambapo uzito wote wa zege la juu unakaa juu yake pampu ikisimama.

Nne, usitanue. Kuna watu wakikosa mabomba ya kutosha wanaenda 125, wanashuka 100, wanarudi tena 125 kwa sababu ndo yalibaki stoo. Zege likitoka kwenye jembamba kuingia kwenye pana linapunguza mwendo, linabaki limeganda pembeni ukutani, na lile lililoganda likija kumeguka linaenda kukaa mdomoni mwa kitu chembamba kinachofuata. Laini iende inapungua tu au ibaki ile ile.

Tano, ukuta. Ndani ya redusa upande mwembamba ndo unalika, kwa sababu pale mwendo ni mkubwa. Redusa nzuri zina ukuta mnene kuliko bomba la kawaida au zimetiwa ugumu ndani. Ukienda kununua iliyotumika ingiza kidole mdomo mwembamba uzungushe, ukisikia mfereji upande mmoja, iache.

Na zile redusa za maji za kufunga kwa nyuzi, za duka la vifaa vya bomba, hazihusiki hapa hata kidogo. Zina bega ndani, kokoto zinakaa begani.

Hatua ya 5: Vichwa vya mabomba, yaani kola

Hapa pesa nyingi za watu zinapotea, kwa sababu mabomba mawili ya inchi 5 yanaweza yasifungane. Kipenyo cha ndani ni kile kile 125, lakini kola ya nje ni tofauti. Utakutana na kola ya milimita 148 na utakutana na ya 157, na kuna zile za dume na jike ambazo moja inaingia ndani ya nyingine, na kuna zile zilizochongwa mfereji kwenye ukuta wa bomba. Kwetu vimechanganyika kwa sababu mitambo inakuja kutoka kila upande, kuna Putzmeister na Schwing zilizotumika Ulaya, kuna Sany na Zoomlion mpya na za mkononi, na hata baada ya Sany kuinunua Putzmeister mwaka 2012 na XCMG kuingia Schwing mwaka huo huo, yale mabomba ya zamani bado yako kwenye mayadi yanauzwa.

Unachofanya: beba vernia (kile kipimio cha vipenyo), pima kola ya nje, pima upana wa mdomo wa kola, pima kipenyo cha ndani, andika kwenye simu. Usinunue redusa kwa kumwambia mtu "nipe ya tano kwenda nne". Mwambie namba za kola pande zote mbili. Chagua mfumo mmoja wa kola kwa laini yako yote uendelee nao miaka yote, na kama pampu ina kola tofauti basi nunua redusa ya kwanza ambayo upande mmoja ni wa pampu na upande wa pili ni wa laini yako, ili ule mchanganyiko uishie pale pale pampuni.

Kola ya mfereji uliochongwa ukutani ina udhaifu unaoeleweka, umeshapunguza chuma pale pale panapovutwa. Kwa mipira ya inchi 2 na presha ndogo sawa, kwa laini ya 125 inayopanda ghorofa hapana. Dume na jike zinakaa sawasawa zaidi ndani na zinavumilia presha kubwa, ila lazima uangalie mwelekeo, na kutoa bomba moja katikati ya laini ni kazi zaidi.

Kuna ile tabia ya kukata kola ya bomba bovu na kuichomelea kwenye bomba lingine. Fundi wa kuchomelea anaweza kuwa hodari kabisa na weldi ikapendeza, lakini chuma cha kola kinahitaji utaratibu wake wa joto, na weldi ikiingia ndani kidogo tu umeweka ukingo wa kushikia kokoto. Ikitoka kwa presha inatoka kama risasi, na mbele yake kuna vijana wana majina na wazazi. Usifanye, na ukikuta kwenye saiti usikubali kuanza kazi.

Hatua ya 6: Klempu na raba

Klempu ya mkono ni ya haraka, inafaa sehemu za slabu ambako unatoa na kufunga mara kwa mara. Klempu ya bolti inakaa pampuni, kwenye redusa ya kwanza, na kwenye bomba zima linalopanda, maana kule hufungui katikati ya kazi. Klempu ya mkono lazima iwe na pini yake ya usalama na pini iwe imeingia, waya wa kufungia nondo hautoshi kuwa pini. Ikifungwa kirahisi sana bila kuhitaji nguvu imelika, ikihitaji kupigwa nyundo nzito basi kuna zege kavu kwenye kola, isafishe.

Redusa ina klempu mbili tofauti, upande wa 125 na upande wa 100, na raba mbili tofauti. Beba za akiba za zote mbili. Raba ikivuja unaona ni maji tu yanadondoka, unasema si kitu, lakini kinachovuja ni uji wa saruji, na palipobaki kokoto kavu ndo patakapoziba dakika kumi baadae. Safisha mahali pa kukalia raba, ipake maji ya sabuni au grisi kidogo, isiwe imejikunja kuingia ndani.

Hatua ya 7: Elbo, mpira, valvu

Tumia elbo chache na za mzunguko mrefu. Mgongo wa nje wa elbo ndo unalika, kagua pale. Mpira usiwe kifaa cha kwanza baada ya pampu, weka chuma. Mpira wa mwisho, ule wa kumwagia, mdomo wake usiwe na chuma, kwa sababu hewa ikinaswa ndani ya laini mpira unaruka na kupiga, na chuma kichwani mwa mtu hakisameheki. Wakati wa kuanza kusukuma, na kila unapoanza upya baada ya kufungua laini, watu wote wakae mbali na mpira mpaka zege litoke kwa utulivu.

Kama unapanda ghorofa weka valvu ya kufunga kwenye mita za kwanza baada ya pampu, ili ukitaka kufungua redusa zege la juu lisirudi. Na acha kipande cha kwenda mlalo kabla ya kupanda, angalau kama robo ya kimo, kwa mita 14 inatakiwa mita 3 na nusu, sisi kwenye mfano tunazo 25 kwa hiyo tuko salama. Ile Y ya kugawa zege sehemu mbili kwa pamoja achana nayo, mguu mmoja utapata zege na mwingine utasimama na kuganda.

Hatua ya 8: Funga laini isitembee

Watu wengi wanashangaa kwa nini laini inaruka, fanya hesabu uone. Laini ikiziba presha ikafika baa 60 kwenye bomba la 125, nguvu ya kuachanisha kiungo ni karibu tani 7 na nusu. Redusa ya 150 kwenda 125 kwa presha hiyo inasukumwa mbele na zaidi ya tani 3. Elbo ya 90 inasukumwa kwenda nje na zaidi ya tani 10. Kwa hiyo redusa ya pampuni isilale tu juu ya tofali, ifungwe kwenye fremu ya pampu au kwenye zege la uzito, elbo ya chini ya mpando iwe na kizuizi nyuma yake, na bomba linalopanda lishikwe ukutani kwa kila bomba. Usitegemee klempu kubeba bomba.

Juu ya slabu laini isilale kwenye nondo, inatikisika na kuachanisha nondo na saruji iliyoanza kushika. Weka vigoda vya mbao au matairi ya zamani chini yake.

Hatua ya 9: Kagua kabla, anza taratibu, osha kwa akili

Ukuta wa bomba upimwe kwa kile kifaa cha sauti cha kupimia unene, kipo cha bei ya kawaida na mwenye pampu yoyote anatakiwa awe nacho. Mabomba mapya yakae karibu na pampu, ya zamani mwishoni, na kila baada ya kazi kadhaa zungusha bomba kidogo ili lisilike chini peke yake.

Laini kavu inanyonya uji wa zege la kwanza, na redusa ndo inaumia. Pitisha kwanza uji wa saruji, au saruji na mchanga laini, wa kutosha kulowesha laini nzima, na huo wa mbele usimwage kwenye nguzo wala boriti, uutoe pembeni. Zege lenyewe lifuate nyuma yake bila pengo.

Ikiziba, piga rivasi, yaani rudisha zege nyuma kwa pampu, mara mbili tatu, kisha sukuma taratibu. Ikigoma usiendelee kulazimisha, kila ukilazimisha unashindilia. Tembea na laini ukigonga kwa nyundo ndogo, upande wa kabla ya kuziba unasikika mzito na unatikisika pampu ikipiga, baada ya kuziba hakuna kinachocheza. Anzia kwenye redusa. Kabla hujagusa klempu toa presha kwa rivasi, hakikisha geji imeshuka, simama pembeni usisimame mbele ya mdomo, uso geuza.

Kwenye kuosha, ile sponji inayosukumwa ndani ya bomba kulisafisha, ukubwa wake uwe wa bomba kubwa la laini, inapita ikijibana kwenye jembamba, ila sponji ya jembamba haioshi bomba pana. Ukiosha kwa maji sawa, endelea. Ukitumia hewa ya kompresa, toa redusa na mipira yote kwanza, weka kikapu cha kukamatia sponji mwisho wa laini, na mtu yeyote asisimame upande ule. Sponji ikikwama kwenye redusa na nyuma yake kuna hewa iliyojaa, hewa ile haitulii kama maji, inabaki na nguvu yake yote mpaka ipate pa kutokea.

Ukirudi yadi piga rangi kila redusa, rangi moja kwa kola ya 148 na nyingine kwa 157, andika kwa rangi nyeupe namba za pande zote mbili na mshale wa mwelekeo wa zege, upande wa raba pake grisi, zifunike midomo. Kesho yake kijana yeyote wa stoo akitumwa "leta ya 125 kwenda 100" ataileta yenyewe.